Jigso ya karakana ya nyumbani: nilipoteza oda ya mbuzi thelathini ndipo nikajua kuchagua

"Ami, ninunue jigso ipi?"

Aliyeniuliza hivyo kwa simu majuzi ni kijana wa mtaani kwetu Kibokoni. Alikuwa amesimama dukani, na mwenye duka alikuwa amempangia mashine tatu juu ya kaunta. Ya kwanza bei yake ya kuchekesha, ya tatu bei yake ya kuliza, na ya pili iko katikati. Nikamwambia arudi nyumbani, asinunue kitu siku ile. Nadhani alinikasirikia. Makala haya ni jibu lake kwa urefu, na pia ni la wengine ambao siku hizi wamegeuza ua, baraza au banda la kuku kuwa karakana na wanataka mashine yao ya kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Mombasa niliyeoa Ukambani. Watani wangu husema nimeolewa. Kazi yangu ya bandarini ilipokwisha nilihamia kwa wakwe hapa Tala, kaunti ya Machakos, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Kangundo. Nilikuja na sanduku la zana za marehemu baba, aliyekuwa seremala: randa mbili, patasi saba, guni, keekee ya mkono na msumeno ambao ameutia tupa mpaka umekonda. Kwa zana hizo nilitengeneza meza, stuli na mlango wa choo. Kilichonishinda ni mbuzi.

Mbuzi ya kukunia nazi sote tunaikalia lakini wachache wameitazama. Ubao mrefu wa kukalia una tundu refu katikati, mguu unapita humo na kukingama, na vyote viwili hufungika pamoja ukitaka kuiweka kando. Kichwa chake kinachoshika chuma kimekatwa kwa mkunjo, na ncha za miguu zimekatwa kwa mkunjo pia. Kwa mkono, mbuzi moja ilinichukua siku nzima na nusu. Mfanyabiashara mmoja wa Marikiti alipozipenda akaagiza thelathini, zimfikie kabla ya Ramadhani, nilijua bila mashine siwezi. Alinitumia na rubuni. Nikaenda mjini, nikanunua jigso kwa shilingi 3,500.

Kabla sijaeleza ilivyonitenda, niseme jigso ni kitu gani, maana wengine huichanganya na misumeno mingine ya umeme. Ni msumeno mdogo wa kushika mkononi. Bledi yake ni fupi na nyembamba, inatokeza chini ya mashine na kwenda juu na chini kwa kasi sana, hata mara 3,000 kwa dakika katika mashine nyingi. Kwa kuwa bledi ni nyembamba, unaweza kuigeuza njiani ukafuata mstari uliopinda. Hiyo ndiyo kazi yake: mikunjo, matundu, maua, herufi. Asili yake ni Uswisi, mwaka 1946, kwa mhandisi aitwaye Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla mjini Solothurn. Husimuliwa kwamba alitoa sindano kwenye cherehani ya mkewe akatia kipande cha msumeno mahali pake. Mkewe alisema nini hatujasimuliwa. Kampuni ile baadaye ikaja kuwa mali ya Bosch, na ndiyo maana mpaka leo namba za bledi za Bosch zimekuwa kama lugha ya wote.

Sasa, ile yangu ya 3,500. Boksi lilikuwa na picha nzuri na jina lililofanana sana na jina la kampuni inayojulikana, ila herufi moja tu ilikuwa tofauti. Nililiona hilo nikiwa nyumbani. Ubao wa mbuzi zangu una unene wa milimita 40. Mbuzi ya kwanza nilikata tundu, juu ya ubao mstari umenyooka kama uzi. Nikageuza ubao. Upande wa chini bledi ilikuwa imekwenda zake, nafasi ya upana wa kidole. Nikadhani ni mkono wangu. Nikakata ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa, nikawa najaza nafasi kwa gundi na unga wa mbao. Ya kumi na moja mashine ilitoa moshi.

Nilimpelekea fundi mmoja kijana hapa Tala ambaye hurekebisha grinda na drili. Aliipima kwa mkono kabla hata ya kuifungua. "Mzee, boksi linasema wati 800, lakini hii ni nyepesi kama ya kuchezea watoto. Hii ni feki." Akaifungua akanionyesha: hakuna nyaya za shaba za kutosha ndani, na ule mhimili unaoshika bledi ulikuwa unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Mbuzi kumi nilizopeleka Marikiti zilirudi nane. Zinayumba, alisema mteja, mtu akikalia anaogopa kuanguka na sinia lake. Rubuni nikarudisha kwa awamu mbili. Mbuzi zile nane zimekuwa kuni kwa mama mkwe, na hajawahi kunicheka mbele yangu.

Nilichojifunza kutoka hapo nitakieleza kwa mpangilio wa kilichoniuma zaidi.

Kwanza ni ule mhimili na kigurudumu kidogo kilicho nyuma ya bledi. Bledi ya jigso imeshikwa juu tu, chini haina kitu. Ubao ukiwa mnene, ncha ya chini hupinda na kufuata inakotaka, hasa unapoisukuma kwa nguvu au unapokata kona. Hata mashine ya bei kubwa hufanya hivyo kidogo. Ya hovyo hufanya sana. Kwa hiyo dukani, kabla ya kuuliza wati, tia bledi, ishike kwa vidole viwili (mashine ikiwa haijachomekwa, tafadhali) uitikise kushoto na kulia. Ikicheza cheza, rudisha. Kisha tazama kama kile kigurudumu kinaigusa bledi kwa nyuma na kinazunguka. Baada ya hapo toa guni lako mfukoni, weka kwenye bamba la chini na ubavu wa bledi. Nimewahi kuchekwa kwa kwenda dukani na guni. Mcheke anayecheka.

Lile bamba la chini nalo ni jambo. Katika mashine nyingi linaweza kuinamishwa mpaka nyuzi 45 ili ukate kwa mshazari. Katika za bei ya chini ni bati lililokunjwa na kushikwa kwa skrubu moja, na mtetemo huilegeza, ukimaliza kukata unakuta pembe si mraba tena. Afadhali bamba nene la alumini la kumimina, na afadhali zaidi lisiloinama kabisa kuliko linaloinama lenyewe.

Pili ni jinsi bledi inavyoingia. Ziko za shina lenye umbo la T, ambazo zina masikio mawili madogo juu, na ziko za shina la U lenye mwanya juu. Mashine nyingi za sasa hutumia T na huishika bila funguo, unabonyeza tu inaingia. Za zamani, na baadhi ya hizi za bei ya kutupa, zinataka U na skrubu ya kukaza. Mimi nasema nunua ya T wala usijadiliane na mtu, kwa sababu moja tu: siku bledi ikivunjika Jumamosi jioni Tala au Kilifi, itakayopatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi ni ya T.

Na hapa nikae kidogo, kwa kuwa watu hununua mashine ya elfu kumi kisha wakatia bledi ya shilingi ishirini. Bledi ndiyo inayokata. Zikiwa na namba za mtindo wa Bosch, soma herufi ya mwisho wa namba: A ni meno madogo sana, B ya wastani, C makubwa, D makubwa zaidi. T101B hukata mbao na plaiwudi kwa usafi. T144D hula mbao upesi, ila inaacha ukingo kama umetafunwa na panya. Ukiona O mwishoni, kama T101AO, bledi ni nyembamba mgongoni kwa ajili ya mikunjo midogo, na hiyo ndiyo ya maua na nakshi. F maana yake imeunganishwa metali mbili, haivunjiki upesi. T118A ni ya bati na chuma chembamba, usiitie kwenye mbao, itaunguza tu mpaka nyumba nzima inuke. Kwa mbuzi zangu nimetulia kwenye T144D kwa mistari ya nje na bledi nyembamba kwa kichwa.

Meno ya bledi nyingi yanatazama juu. Maana yake bledi hukata inapopanda, na inapopanda hung'oa nyuzi za upande wa juu wa ubao. Kwa hiyo upande mzuri wa ubao, ule utakaoonekana, ulaze chini, uchore mstari nyuma. Siku nikikata plaiwudi yenye formaika na sina namna ya kuigeuza, hubandika utepe wa karatasi juu ya mstari na kukata juu yake. Ziko pia bledi zenye R, meno yake yanatazama chini, lakini hizo huisukuma mashine juu ikurukie. Si za mtu anayeanza.

Tatu, kidude cha pembeni chenye namba 0 mpaka 3. Hicho huifanya bledi, mbali na kupanda na kushuka, itupe kichwa mbele kama kuku anayetembea. Namba 3 ni kwa mbao laini na mstari ulionyooka, inakwenda upesi. Namba 0 ni kwa mikunjo midogo, kwa chuma, na kwa kazi safi. Jigso isiyo na kidude hiki inafaa kwa nakshi, lakini ubao wa inchi moja na nusu utakuchosha. Vilevile isiwe na kasi moja tu. Iwe na gurudumu la kupunguza na kuongeza, maana mbao ngumu huitaka bledi ikienda polepole, ama sivyo inaungua na kupoteza meno.

Wati? Kwa kazi ya nyumbani, kati ya 500 na 700 za kweli zinatosha. Za kweli, nasema. Mimi sasa hutazama uzito, na hutazama mwendo wa bledi, yaani inashuka na kupanda milimita ngapi. Ndogo huwa kama 18, kubwa hufika 26. Mwendo mrefu hutumia meno mengi zaidi na hutoa unga wa mbao nje ya mstari, na kwa ubao mnene tofauti yake unaisikia mkononi.

Kuhusu umeme kuna mtego unaotuhusu sana sisi wenye jamaa ng'ambo. Kenya tunatumia volti 240. Shemeji akiwa Oman au Dubai akakuletea jigso, umeme wa huko ni wa jamii yetu na hata plagi mara nyingi ni ile ya miguu mitatu, chomeka ufanye kazi. Lakini akiwa Marekani, mashine yake ni ya volti 120. Plagi utabadilisha kwa shilingi hamsini, na ukiiwasha itaishi sekunde chache. Nimeona moja nzuri sana ikifa hivyo, bado ina harufu ya dukani. Soma kibati cha ubavuni kabla ya kuchomeka. Nikiongeza, ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, ukiivuta mita ishirini mpaka uani, haifikishi umeme wa kutosha, na mota hupata moto bure. Nunua waya mnene, uukunjue wote unapofanya kazi.

Za betri je? Hapa Tala stima hupotea, na kwa sababu hiyo nilizitamani. Ni nzuri kwa fundi anayepanda paa au anayekwenda nyumba za watu. Ila betri na chaja mara nyingi huuzwa mbali, na pamoja bei hupita mashine ya waya. Ukiwa tayari una drili ya betri ya kampuni fulani, nunua jigso ya kampuni hiyohiyo bila betri, zitumie betri moja. Ukiwa huna, anza na ya waya.

Ya majina nitasema kwa kifupi. Bosch, Makita na DeWalt zinajulikana, na vipuri vyake hupatikana Nairobi. Ingco na Total ni za bei ya chini zaidi, na kwa mtu anayekata Jumamosi na Jumapili sioni aibu yake. Swali la kumuuliza muuzaji si jina bali hili: "Kaboni za mashine hii unazo?" Kaboni ni vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota na huisha kwa kutumika. Akiwa nazo kwenye droo, mashine itaishi. Akianza kukueleza kuwa mashine hii kaboni zake haziishi, aga. Mwombe pia aiwashe mbele yako, na risiti iandikwe jina na namba ya mashine, si "vifaa" tu.

Mzee mmoja jirani yangu, fundi wa vitanda, alinipinga tangu mwanzo. Alisema, "Mkwe wetu, mbona usipeleke mbao zako kwa msumeno wa mkanda pale sokoni, wakukatie kwa kipande?" Ana hoja. Msumeno wa mkanda hukata ubao wa milimita 40 ukiwa wima kabisa, juu na chini sawa, na kwa mikunjo ya nje ya mbuzi hakuna jigso itakayoushinda. Kwa thelathini kwa mpigo ndivyo ninavyofanya sasa, mikunjo ya nje wananikatia. Lakini tundu la katikati msumeno wa mkanda hauwezi kuliingia bila kupasua ubao kutoka ukingoni. Hapo ndipo jigso yangu inapolipa: natoboa pembe nne kwa keekee, naingiza bledi, nakata polepole namba 1 nikiacha milimita moja ndani ya mstari, halafu namalizia kwa patasi ya baba. Patasi haidanganyi upande wa chini.

Na kama kazi yako ni mistari mirefu iliyonyooka, makabati na milango, usinunue jigso kwanza. Nunua msumeno wa mviringo, au unoe wa mkono. Hata ndugu zetu wachongaji wa Wamunyu, hapa hapa Machakos, ambao vinyago vyao vinajulikana dunia nzima, sehemu kubwa ya kazi yao ni tezo, kisu na msasa. Ufundi wenyewe husimuliwa kuwa uliletwa na Mutisya Munge, aliyeuona kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia, kisha ukarudi pwani mpaka kwenye ushirika wa Changamwe. Kwa hiyo Mpwani kukata mbuzi Ukambani si ajabu kama wanavyofikiri baraza la Kibokoni.

Mbao pia huamua. Mgrevilea wa hapa ni rahisi kukata na bei yake nafuu, lakini kwa mbuzi hupasuka kwenye kichwa. Mukau, mti wa asili wa nchi hizi kavu ambao taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imekuwa ikiukuza Kitui, ni bora zaidi: mchwa hawaupendi na rangi yake inakaribia mkangazi. Pwani mna mwembe na mwarobaini. Mwarobaini ni mgumu kidogo, punguza kasi. Mvule unga wake huwasha pua na macho, usiukate bila barakoa, na wala usikate chochote bila miwani. Mkono wa kushoto usiwe chini ya ubao kamwe, huko ndiko bledi inakotokea na hauioni. Ukibadilisha bledi, plagi itoke ukutani kwanza. Na ukiitoa muda huohuo baada ya kukata, itakuunguza vidole, hilo nimelifanya mara tatu.

Mashine niliyonayo sasa ilinigharimu shilingi 13,000 na ushei, nikaipata baada ya miezi mitano ya kuweka. Mteja wa Marikiti alikubali kuanza upya na mbuzi kumi na mbili, alizikalia moja moja mbele ya watu, na akaongeza ishirini.

Kijana wa Kibokoni alirudi dukani wiki iliyofuata na guni. Alichukua ile ya katikati, maana ya tatu bledi yake ilikuwa haijakaa mraba na muuzaji mwenyewe alishangaa. Bledi tano zilizokuja bure ndani ya boksi nimemwambia asizitupe, aziweke kwa mbao za kale zenye misumari.